Jaza mafuta mchana: ninavyosoma Biblia hapa Kibirizi

Mimi naanika dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa, lakini taa zinaandaliwa mchana: betri zinachajiwa, mwenye karabai anajaza mafuta na kujaribu pampu. Hakuna anayefika katikati ya ziwa ndipo aanze kutafuta mafuta. Kwa hiyo mfano wa wanawali kumi waliomngoja bwana arusi usiku na taa zao, Mathayo 25, sisi unatuingia upesi. Wote kumi walisinzia wakalala. Tofauti yao ilikuwa akiba ya mafuta.

Kwanza, funga usomaji wako kwenye kazi ya kila siku. Nilijaribu saa kumi alfajiri nikashindwa, maana ni muda wa kujiandaa kupokea mitumbwi, na mnada haumsubiri mtu. Sasa nasoma nikishaanika, kabla ya kugeuza dagaa, kwenye kivuli cha mwembe.

Anza na Injili ya Marko, ina sura 16 tu. Usianzie Mwanzo ukidhani utafululiza. Wengi ninaowafahamu walikwama Mambo ya Walawi, wakaifunga Biblia wakijiona wamemkosea Mungu. Walawi utaifikia, tena utaipenda, ila baadaye. Kwenye Marko, sura ya kwanza tu unakutana na watu wa kazi yetu: Simoni na Andrea wanatupa nyavu, Yakobo na Yohana wamo chomboni wanazitengeneza.

Ongeza sura ya Mithali inayolingana na tarehe, kwa kuwa zipo 31. Soma kwa sauti, kisha andika daftarini jambo moja la kutenda siku hiyo hiyo. Kila tarehe 11 nakutana na mizani ya hadaa, mstari wa kwanza kabisa. Siku hiyo naikagua sado yangu ya kupimia, kama imebonyea nainyoosha kabla mteja hajafika.

Ukiruka siku, usilipe deni. Endelea ulipoishia.

Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika, kwa sababu taa haziwavuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka. Hapo nasoma kitabu kizima kwa mkao mmoja: Ruthu au Yona, kila kimoja sura 4. Jirani yangu hajui kusoma. Ananisikiliza, na maswali yake yananirudisha kwenye mistari niliyoipita haraka. Tafuta mtu wa namna hiyo.

Mwisho ni kukariri, na hapa nakusihi usipuuze. Mwaka juzi mdogo wangu hakurudi alfajiri. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha. Nilisimama ufukweni, Biblia iko nyumbani, na hata ningekuwa nayo machozi yasingeniacha nione herufi. Kilichonitoka kinywani ni Zaburi 121, yote, huku nikiikazia macho milima ya Kongo ng'ambo, hadi saa sita mchana mtumbwi mwingine ulipomleta akiwa amelowa, injini yake imezimika.

Zaburi hiyo nilikuwa nimeikariri miezi mitatu kabla, nikiwa sina shida yoyote. Ina mistari 8. Kila siku nilishika mmoja, nikiurudiarudia nikigeuza dagaa, na kesho yake nikaanza na wa jana kabla ya kuongeza mpya. Chukua wa kwanza leo, uwe nao mkononi kabla jua halijazama.