Mwenye mfumo akizima simu: jinsi ya kujiandaa kuurudisha mfumo wa biashara yako

Niliwahi kuitwa kwenye duka la jumla la vipuri Kariakoo, Jumatatu saa mbili asubuhi. Wateja wamejaa kaunta, mfumo wa mauzo haufunguki. Fundi aliyewauzia alikuwa ameacha kulipia seva, kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo, na simu yake haipatikani. Mama mwenye duka akanikabidhi flashi ya bakapu, yaani nakala za akiba za data, ametulia kabisa, akijua kila kitu kimo. Kweli zilikuwemo faili za kila usiku, miezi saba mfululizo, na kila moja ina ukubwa wa KB 0. Pasiwedi ya hifadhidata, mahali mfumo unapotunza kumbukumbu zake zote, ilikuwa imebadilishwa. Programu ya bakapu ikaendelea kutengeneza faili tupu bila mtu kujua. Madeni ya wateja tuliyakusanya upya kutoka kwenye madaftari na meseji za WhatsApp, wiki tatu.

Tangu siku ile nafuata mpangilio huu kwa kila mteja.

1. Anza na watu, si kompyuta

Kaa na mhasibu, mtu wa stoo na wa kaunta. Muulize kila mmoja: mfumo ukizimika sasa hivi, kazi yako inasimama baada ya muda gani? Kaunta watakwambia dakika kumi. Mishahara inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Kisha uliza: tukirudi hewani, mauzo ya muda gani yakipotea tutayavumilia? Jibu likiwa siku moja, bakapu ya kila wiki haikufai.

2. Funguo ziwe mikononi mwako

Jina la tovuti, hata kama ni .co.tz, lisajiliwe kwa jina la kampuni yako na barua pepe ya kampuni. Akaunti ya seva iwe yako, fundi mpe ruhusa ya kuingia tu. Angalia pia namba ya simu inayopokea namba za uthibitisho kwa meseji: mara nyingi nakuta ni laini ya fundi, na hapo ndipo watu hukwama hata kama pasiwedi wanayo. Pasiwedi zote ziandike, ziweke kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kasha la fedha.

3. Toa data kwa namna mbili

Ya kwanza ni nakala kamili ya hifadhidata. Ya pili ni orodha za CSV (faili za maandishi matupu zilizopangwa kama jedwali) za bidhaa, wateja, madeni na mauzo, ili hata mfumo mwingine kabisa uweze kuzisoma. Ripoti za PDF si bakapu. Utazichapa upya mstari kwa mstari.

CSV usiifungue kwa kubofya mara mbili. Excel hukata sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu, na tarehe 05/12 inaweza kugeuka kutoka Desemba kuwa Mei. Iingize kupitia menyu ya data, safu za simu na za namba za bidhaa uziweke kama maandishi.

Usitoe ya mwaka huu peke yake. Tanzania kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, na mkaguzi hatakubali kwamba zimeondoka na fundi.

4. Tenganisha mahali pa kuziweka

Nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya jengo. Machi 10, 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliopoteza data kwa sababu bakapu nayo ilikuwa eneo lilelile. Huku kwetu, Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na Uganda. Seva inaweza kuwa nzima kabisa huko iliko na wewe usiifikie, kwa hiyo nakala moja iwe dukani, kwenye diski ya nje. Ukimaliza kunakili, ichomoe. Diski iliyochomekwa muda wote, kirusi kikiingia kinaifunga pamoja na kompyuta.

5. Rudisha, bila kumpigia fundi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi huparuka. Chukua laptop nyingine, chagua Jumapili duka limefungwa, anza kuhesabu muda.

Kwanza angalia ukubwa wa faili. Kama hifadhidata ni MySQL na nakala imetolewa kwa mysqldump, programu yake ya kunakili, shuka hadi mstari wa mwisho: ukikuta maneno "Dump completed", haikukatikia njiani. Sakinisha toleo lilelile la hifadhidata linalotumika dukani, ingiza nakala, kisha linganisha namba tatu na mfumo ulio hai ulivyokuwa saa ya bakapu: idadi ya bidhaa, jumla ya madeni ya wateja, na namba ya risiti ya mwisho. Ikipishana hata moja, usiendelee mpaka ujue kwa nini.

Andika ilichukua saa ngapi na ulikwama wapi. Mara ya kwanza utakwama, karibu kila mtu hukwama kwenye leseni ya programu. Rudia kila miezi mitatu, na safari ya pili mpe mtu mwingine afuate maandishi yako bila kukuuliza.

6. Mkataba

Uandikwe kwamba data ni mali yako, utapewa kwa CSV ukiiomba, na huduma haitakatwa bila notisi ya maandishi. Kama mfumo umetengenezewa wewe pekee, msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, utunzwe kwa wakili, akabidhiwe upya kila toleo linapobadilika.

7. Siku ya tukio

Kaunta pawe na vitabu vya bili vya nakala mbili vyenye namba, na orodha ya bei iliyochapwa mwezi huo. Risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ni jambo la peke yake: nenda mapema ofisi yako ya TRA (Mamlaka ya Mapato) uulize utaratibu mfumo ukikatika, uubandike ukutani. Mfumo ukirudi, mtu mmoja aingize bili zote kwa kufuata namba, kwa tarehe ya mauzo na si tarehe ya kuingiza, akipiga mhuri kila bili iliyokwisha kuingia.