Somo: Kutambua okidi ndogo za mwituni bila kuzing'oa

Ndugu wanachama, okidi nyingi za mwituni zina maua madogo kiasi kwamba watu huzikanyaga bila kujua. Kwa hizi, usitangulize rangi. Spishi ileile yaweza kutoa maua meupe hapa na ya waridi pale. Shika umbo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni okidi. Piga magoti, chukua kioo cha kukuzia mara 10. Utaona sepali 3 kwa nje na petali 3 kwa ndani, na petali moja imejitenga na wenzake kwa sura: huo ndio mdomo. Katikati husimama safu moja, ambamo sehemu za kiume na za kike zimeungana. Usipoiona safu hiyo, shuku.

Hatua ya 2: Andika inakoota: ardhini, juu ya mti au mwambani.

Hatua ya 3: Litazame ua kwa ubavuni. Wengi huliangalia kwa mbele tu, na hapo ndipo utambuzi unapokwama. Ubavuni utaona kama kuna kijifuko chembamba kinachoning'inia kama mkia, na kinaanzia wapi. Kikiwa kimoja, kimetoka kwenye mdomo ulio chini, na ua ni la kijani au jeupe, fikiria jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Habenaria. Vikiwa viwili, na mdomo uko juu umejikunja kama kofia, ni Satyrium. Kikitoka kwenye sepali ya juu, elekea Disa. Mdomo ukiwa juu na hakuna mkia, ila sepali za pembeni zimefanya uvimbe kama kidevu, huenda ni Polystachya.

Hatua ya 4: Piga picha ya mbele, ya ubavu, ya jani na ya mmea mzima, rula ikiwa kando.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nikikuta majani tu bila maua?
Jenasi unaweza kuipata, spishi usiilazimishe. Tafuta kikonyo cha maua kilichokauka. Katika Bulbophyllum huchipuka chini, kwenye kitako cha shina lililovimba. Katika Polystachya hutokea kileleni.

Naruhusiwa kuchukua mche mmoja nikauchunguze nyumbani?
Nakusihi, uache. Okidi za ardhini hutegemea kuvu wa udongo ule, na nyingi hufa zikihamishwa. Tena nchi nyingi zinakataza, na biashara ya kimataifa ya okidi zote za porini inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Nimeona moja mtini haina jani hata moja, mizizi tu. Imekufa?
Ikague mizizi ikiwa imelowa. Ikionyesha ukijani, mmea u hai: Microcoelia hujitengenezea chakula kwa mizizi yake. Ukiikuta isiyo na majani ardhini, kwenye kivuli kizito, yaweza kuwa ya kundi linalolishwa na kuvu maisha yote. Nyingine hutoa maua kwanza, majani baadaye, kwa hiyo rudi mvua zikishakolea uitazame tena.