Kabla hujajiandikisha uzamili wa sheria na uhusiano wa kimataifa, soma haya

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, simu yangu haitulii. Wengi wanaopiga ni watumishi wa hapa hapa Dodoma: umehamia na ofisi, jioni ndefu, umeona bora urudi darasani. Swali la kwanza huwa ada. Ada iko kwenye tovuti ya chuo, isome huko. Juu yake weka nauli, uchapaji na muhula mmoja wa ziada, maana wanaomaliza kwa wakati ni wachache kuliko vipeperushi vinavyosema.

Ruhusa ya mwajiri iwe barua yenye saini. Bosi aliyekwambia kwa mdomo "nenda tu kasome" anaweza kuhamishwa kesho, na anayekuja hakujui.

Chuo cha nje, au kinachofundisha kwa mtandao, kiulizie TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kabla ya kulipa. Kabla, nasema.

Kisha angalia jina la shahada kwa makini kuliko jina la chuo. Ile ya sheria, wanayoiandika LLM, kwa kawaida inataka uwe na shahada ya kwanza ya sheria. Ya uhusiano wa kimataifa inapokea watu wa siasa, historia, uchumi, hata ualimu. Ukitaka diplomasia zaidi, kipo Chuo cha Diplomasia kule Kurasini, Dar es Salaam, na siku hizi treni ya SGR imepunguza kisingizio cha umbali. Lakini usije ukadhani uzamili wa sheria za kimataifa utakuvisha joho la wakili. Uwakili Tanzania Bara unaanzia shahada ya kwanza ya sheria, unapita Shule ya Sheria, ndipo Jaji Mkuu anakuapisha. Nina rafiki alisoma miaka miwili akiwaahidi ndugu zake kuwasimamia kesi ya shamba. Mpaka leo kwenye misiba anakaa mbali na wajomba.

Jipime pia kabla hujatoa hela. Kufuatilia taarifa ya habari ya saa mbili si kusoma uhusiano wa kimataifa. Chukua Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa 1969, soma Ibara ya 31 hadi ya 33, zile za namna ya kufasiri mkataba. Chukua na Ibara ya 38 ya Sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayotaja mahakama ile inatoa wapi sheria: mikataba, mila za mataifa, kanuni za jumla, na kwa msaada tu, hukumu na maandishi ya wanazuoni. Ukisinzia kwenye ukurasa wa pili, bora umejua mapema.

Ukichagua kozi inayochanganya vyote viwili, jiandae kuona walimu wakibishana juu ya kitu kimoja. Mwaka 1961 Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili aliyoiacha Mwingereza itaheshimiwa kwa miaka miwili tu, na katika muda huo Tanganyika itaamua ipi ibaki. Mwalimu wa sheria atakuuliza nchi mpya inarithi nini. Wa uhusiano wa kimataifa atakuuliza nchi changa, isiyo na jeshi la maana, ilipata wapi ubavu wa kusema hivyo. Hakuna anayekosea, ila mtihani ni wa mmoja wao. Jua ni wa nani.

Sasa tasnifu. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoungua.

Nilijiona nimetangulia wenzangu. Wao iliwabidi wapange safari ya Dodoma kutafuta nyaraka. Mimi naamkia Kisasa, Bunge naliona, wizara ziko Mtumba, ni nauli ya daladala tu. Nikachagua mpaka wa Ziwa Nyasa. Mnaujua ubishi wenyewe: mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Ibara ya kwanza, unapitisha mpaka ufukweni mwa ziwa, upande wetu, na Malawi inaushikilia hapo hapo. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Joaquim Chissano wa Msumbiji na viongozi wastaafu wenzake waliwahi kuletwa kusuluhisha. Mimi nikataka mihtasari ya vikao vya mazungumzo. Sura nzima ya nne niliijenga juu ya mihtasari ambayo sikuwahi kuiona.

Chuo kikanipa barua ya utambulisho. Nikaipeleka ofisi moja, masjala wakaigonga muhuri, nikatoka nikiwa na nakala yangu kama mtu aliyeshinda kesi. Wiki mbili baadaye: bosi yuko kikaoni. Wiki ya tatu: bosi yuko safarini. Kisha barua haionekani, lete nyingine. Nikaleta. Kikaja kipindi cha Bunge la bajeti, kila mtu anaandaa majibu ya waziri, nani ana muda na mwanafunzi? Hakuna aliyeniambia hapana. Wangeniambia hapana siku ya kwanza ningewashukuru.

Mwezi wa tisa, mama mmoja wa masjala, ambaye kwa wakati huo tulishazoeana mpaka namletea zabibu, aliniita pembeni.

"Mwanangu, uko na nani hapa mjini?"

"Nipo na familia, mama."

"Basi nenda kakae na familia yako. Hilo jambo bado liko mezani kati ya nchi na nchi. Hata bosi hana uwezo wa kukupa."

Alisema kweli. Kutoa nyaraka ya siri ni kosa kwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na mimi, mwanafunzi wa sheria, nilikuwa sijaifungua. Nilikuwa nawaomba watu wahatarishe kazi zao kwa ajili ya sura yangu ya nne.

Nilipompelekea msimamizi wangu msiba huo aliuliza swali moja: umesoma kesi ya Kasikili? Sikuwa nimeisoma. Botswana na Namibia waligombania kisiwa kwenye mto Chobe, wakaenda The Hague, kwenye ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1999 mahakama ikampa Botswana. Mkataba uliofasiriwa? Ule ule wa 1890, Ibara ya tatu. Majaji walitumia kanuni za Vienna ingawa nchi zote mbili hazikuwa wanachama wa mkataba huo, kwa sababu kanuni zenyewe zimeshakuwa mila ya mataifa. Hukumu yote iko wazi kwenye tovuti ya mahakama, bure. Nimeisomea kwenye simu, kitandani, kilomita sifuri kutoka nyumbani. Tasnifu ikaandikwa upya kwa hukumu hiyo na maandishi ya mkataba wenyewe. Ada ya muhula wa ziada nililipa, hiyo hairudi.

Kwa hiyo kabla hujaandika kichwa cha tasnifu, andika kila sura itakula nini na chakula hicho kiko wapi. Kama zaidi ya nusu hujakishika mkononi, badili mada. Vya wazi vipo vingi. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalikabidhi Bunge kazi ya kuridhia mikataba, na Taarifa Rasmi za mijadala zipo mtandaoni: nani aliuliza nini, waziri akakwepa vipi. Mahakama ya Afrika, ile ya haki za binadamu, iko Arusha na mashauri dhidi ya Tanzania yamejaa pale, ingawa mwaka 2019 tuliiondoa ile hati inayowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki nchi moja kwa moja. Hiyo peke yake ni tasnifu.

Mengine ni ya kawaida. Kifaransa kidogo kitakufaa. Mahojiano na ofisa yeyote, omba ridhaa ya maandishi na muulize kama jina lake litajwe. Usikope benki kwa matumaini ya cheo, cheo hakina ratiba. Usimwachie mtu wa steshenari akupangie rejea. Msimamizi akikaa kimya mwezi mzima mfuate, usisubiri barua pepe. Na kazi yako ihifadhi sehemu mbili au tatu, kwa sababu umeme ukikatika Chang'ombe na laptopu ikafa, hakuna masjala ya kwenda kuulizia.