Somo: Kupuliza rangi kwa thina bila kuumiza mapafu na ubongo

Thina nyingi za gereji na karakana za fanicha zina tolyuini, kiyeyushi (kemikali ya kuyeyusha rangi). Mvuke wake hupita kwenye mapafu, ukaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo: kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, fundi anayumba kama mlevi. Akiuvuta kwa miaka, kumbukumbu hupungua, na penye kelele za grinda na kompresa hata masikio huharibika. Pua usiitegemee. Huizoea harufu mapema, mvuke ukiwa bado umejaa.

1. Soma lebo. Thina ya kupimiwa kwenye chupa ya maji iache, maana hujui kilichomo. Ikiwa na kemikali ya benzini inaweza kuleta saratani ya damu. Ikiwa na heksani, ganzi ya miguu na mikono.

2. Tengeneza njia ya hewa. Mvuke huu ni mzito karibu mara 3 kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Fungua milango ya pande mbili, upepo utoke mgongoni mwako, upite kwenye kazi, utokee nje. Feni ya kawaida isikae kwenye njia hiyo, mota yake hutoa cheche. Tolyuini hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye joto letu iko tayari muda wote. Jiko la mkaa, sigara na kuchomelea viwe mbali.

3. Vaa barakoa ya mpira yenye katriji (vikopo vya kuchuja hewa) za kaboni za mvuke wa viyeyushi (za Ulaya zina alama A na ukanda wa kahawia), na chujio la matone mbele yake. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi hupitisha mvuke wote. Ziba katriji kwa viganja, vuta pumzi: ikinywea usoni na kubaki hivyo, imeshika. Ndevu huipa mwanya. Ukimaliza, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukiitundika ukutani, kaboni inaendelea kunyonya mvuke hadi ichoke.

4. Mikono usiioshe kwa thina, huondoa mafuta ya ngozi ikapasuka. Sugua mafuta ya kupikia, kisha sabuni.

MASWALI

Swali: Tukimaliza kazi tunakunywa maziwa yasafishe kifua. Yanasaidia?
Jibu: Hapana. Maziwa huenda tumboni, mvuke umeshapita mapafuni. Pesa hiyo wekeni kwenye katriji.

Swali: Na rangi ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha)?
Jibu: Hadna nyingi zina kemikali ya isosayaneti, inayoleta pumu ya kudumu, na katriji ikichoka hutasikia harufu yoyote. Inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na wengine wote watoke chumbani.

Swali: Mtu amemeza thina akiivuta kwa mdomo kwenye mpira wa kuhamishia?
Jibu: Msimtapishe wala kumpa maziwa, ikirudi juu huingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali pamoja na kopo lenye lebo.