Insulini ya kabla ya kula isubiri sahani ifike

Kama unauguza mtu wa kisukari kalazwa, nesi akija na ile insulini ya haraka ya kabla ya kula, muulize chakula kishafika? Maana inaanza kushusha sukari ndani ya dakika 15 hivi, sasa sahani ikichelewa au mgonjwa akatapika au kaambiwa asile sababu ya kipimo, sukari inaweza kuporomoka chini ya 3.9 mmol/L (hapo ni chini mno), na akiwa kalala hamna anayegundua. Ukiona jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea visivyoeleweka, ita nesi apime hapohapo. Ila insulini ya kutwa nzima ni habari nyingine, hiyo usiizuie kwa akili yako, muulize daktari. Na kwa anayemeza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) ujanja huu wa kusubiri sahani hautoshi, sukari inaweza kushuka hata masaa mengi baadaye.