Kabla hujakandwa: mambo ya kuzingatia ukienda kwa fizio

Kila mbio za marathon za Nairobi zinapokaribia, simu yangu hujaa picha za vifundo vilivyovimba na swali lile lile: kocha, nikande? Mimi si daktari. Ni kocha wa timu ya mtaa huku Eastlands, nina goti lililopasuliwa na kovu la moto ambalo nitalifikia. Soma kabla hujalipa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kwanza hesabu siku. Umeteguka jana? Usikande. Siku mbili tatu za mwanzo uvimbe bado unajengeka, na joto hufungua mishipa damu ikaja kwa wingi. Utaamka na mguu kama gunia. Barafu ndani ya kitambaa, bendeji, mguu juu ya mto. Joto ni la msuli uliokaza na kiungo kilichokakamaa baada ya uvimbe kushuka.

Usipake dawa ya kuchua siku unayoenda. Zile zinazowasha zikifunikwa na joto huunguza. Kama umeshapaka, nawa kwa sabuni, na ukifika sema.

Vaa kaptula.

Uliza leseni. Kenya ina sheria ya wanafizio tangu 2014 na baraza linalowasajili. Aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika, beba begi lako uondoke.

Sasa hili. Sema mahali usipohisi.

Nilipopasuliwa goti, ngozi ya upande wa nje wa kovu ilibaki na ganzi. Ni kawaida, kwa sababu kisu hupita penye mishipa midogo ya fahamu. Ganzi yangu ina ukubwa wa kiganja, na nilikuwa nimeizoea hata nikaisahau. Mwaka uliofuata, baridi ya Julai ikalikaza goti, nikaenda kliniki moja mjini. Kijana akatoa pakiti ya joto kwenye tangi, ambako maji hukaa nyuzi 70 na kitu, akaizungushia taulo, akaiweka pale nilipomwonyesha, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Baada ya dakika tano akachungulia. "Mkubwa, unasikia joto?"

"Kidogo tu."

"Basi tutoe taulo moja."

Akatoa. Akauliza tena, nikajibu vilevile, akatoa la pili. Ukingoni nilisikia vuguvugu tamu, katikati hakuna kitu, nami nikajiona mwanaume mvumilivu. Nikalipa kwa M-Pesa, nikapanda matatu. Ni pale nilipotaka kushuka Donholm ndipo nikaona jinzi imeshika mguu, na majimaji yamechora duara kwenye kitambaa. Nyumbani mke wangu aliilowesha kwa maji ili ibanduke, ikabanduka na ngozi ya lengelenge. Hata hapo sikusikia uchungu. Aliyelia ni yeye. Nilifunga kidonda hadi ligi ikaisha.

Kilichokosekana ni kazi ya dakika moja. Chupa mbili ndogo, moja ya maji moto, nyingine ya baridi. Unafumba macho, unaguswa, unataja ipi ni ipi. Ukichanganya, hapo hapawekwi joto, basi. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, mwenye mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni, nyinyi ndio naowaambia. Taulo ziwe tabaka sita hadi nane, na baada ya dakika tano pakiti iinuliwe ngozi itazamwe kwa macho. Ukisema husikii joto na mtu akanyoosha mkono kupunguza taulo, ushike huo mkono.

Mashine ya ultrasaundi anayotumia fizio ina mambo yake. Haitoi picha; mama wa mchezaji wangu alikaa akiusubiri mfupa utokee kwenye skrini. Inapeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika ndani ya nyama: yakienda mfululizo yanapasha joto, yakikatizwakatizwa joto linapungua. Megaherzi 1 hufika ndani zaidi, 3 ni ya kano zilizo karibu na ngozi. Wewe angalia jeli iwe ya kutosha na kichwa cha mashine kisitulie mahali pamoja hata kidogo. Eneo liwe kama mara mbili ya kichwa hicho, kwa dakika 5 hadi 10. Wakikupitishia mgongo mzima kwa dakika hizo, umepakwa jeli tu. Ukisikia maumivu mazito yanayotoka kwenye mfupa, sema papo hapo, maana mfupa hunyonya joto hilo haraka kuliko nyama.

Na pesa zako: watafiti wamelinganisha mashine iliyowashwa na iliyozimwa kwa vifundo vilivyoteguka, tofauti waliyoiona ni ndogo. Ukiuziwa vikao kumi vya mashine bila zoezi hata moja la kufanya nyumbani, uliza mazoezi yako wapi.

Mambo ya kutaja kabla hujalala mezani, hata usipoulizwa: mimba, saratani hata ya zamani, betri ya moyo, goti au nyonga ya bandia. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa moto na kuuma bila kuumia, hiyo huenda ni damu iliyoganda. Nenda hospitali, usiguswe na mashine wala mikono. Watoto bado wanakua mifupa karibu na viungo, kwa hivyo U-13 wangu siwapeleki kwenye ultrasaundi, wazazi wanune wakitaka.

Mengine mnayajua. Usisinzie chini ya pakiti. Usiwekewe joto juu ya kidonda. Usilalie pakiti, uzito wako unakandamiza taulo. Omba kengele, au kaa karibu na mtu anayeweza kukusikia ukiita. Na ile chupa ya soda mnayojaza maji ya birika na kuingia nayo kitandani, kizibo kimelegea, hebu acheni.