Jinsi ya kuandaa waandishi wasome mbele ya michoro galarini

Kinachoua hizi shughuli za waandishi kusoma walichoandika kuhusu mchoro mara nyingi ni kimoja, mwandishi anasimama mbele ya mchoro alafu anaanza kutuelezea kilichomo, kuna mwanamke, kuna mtungi, kuna ukuta wa bluu, jamani si tunauona wenyewe! Kwa hiyo ukiwaalika waambie mapema kabisa, leteni kile ambacho mchoro hauwezi kutoa: sauti, harufu, kilichotokea muda mfupi kabla, nani yuko nje ya fremu.

Wape waandishi kama mwezi hivi, na waende galari wakauone mchoro wenyewe, wasiutegemee kwenye simu. Simu inadanganya saizi. Guernica ya Picasso ya 1937 ina upana wa karibu mita 8, Mona Lisa haifiki hata sentimita 80 kwenda juu, ila kwenye skrini zote zinaenea kiganjani. Mwandishi akae na mchoro mmoja nusu saa bila kuandika chochote, mwanzoni ataona kile kila mtu anakiona, akivumilia ndo vingine vinaanza kujitokeza.

Na aangalie pembeni pembeni. Kuna ule mchoro wa kuanguka kwa Icarus, yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa ya nta akaangukia baharini, uliopo Brussels, ambao kwa miaka mingi umehesabiwa kuwa wa Bruegel, mchoraji wa karne ya 16: mkulima yuko mbele analima, meli inapita zake, na Icarus mwenyewe ni miguu tu inayozama huko konani. Mshairi Auden alipouandikia shairi mwaka 1938 hakukaa kumlilia Icarus, aliwatazama hao wanaoendelea na kazi zao. Yaani alichagua upande, na mwandishi wako naye lazima achague.

Siku yenyewe sasa. Dakika 3 hadi 5 kwa kila msomaji zinatosha kwa sababu watu wamesimama, na viti vichache viwepo kwa wazee na wajawazito. Msomaji asimame ubavuni mwa mchoro, asiuzibe, macho ya watu yabaki kwenye rangi. Kabla hajaanza wape watu dakika moja ya kuangalia kimya, na mshereheshaji asiijaze kwa maneno, mimi naona hiyo dakika ina thamani kuliko utangulizi wote utakaoandaa. Sakafu ngumu na kuta tupu zinaleta mwangwi, kwa hiyo jaribuni sauti mapema, someni taratibu, spika ndogo inatosha maana ukiongeza sauti sana maneno yanagongana. Taa za galari zinamulika michoro tu, karatasi inabaki gizani, basi maandishi yachapwe kwa herufi kubwa.

Kuhusu ruhusa, kubaliana na galari idadi ya watu, umbali kutoka kwenye michoro, vinywaji vikae mbali, flashi zizimwe. Mchoraji kama yuko hai mualike, na kama mnataka kuchapisha picha ya kazi yake muombeni kwanza, mtu kuwa na mchoro ukutani kwake hakumpi haki ya kuuchapisha.

Mchoraji akija asiulizwe katikati ya usomaji kama mwandishi amepatia, hapo utaua kila kitu, wote wamalize kwanza ndo muongee. Alafu maandishi yabandikwe kando ya kila mchoro hadi maonyesho yaishe, ambao hawakufika nao wasome wakiwa wamesimama palepale.